Kaunti, FEMA, CISA au Hospitali: Ulinganisho wa Kazi za Usalama wa Ndani na Maafa Marekani

Wengi wanaosomea usalama wa ndani na maafa Marekani huvutwa na siku moja. Kwa mwingine ni Septemba 11, kwa mwingine kimbunga Katrina, kwa mwingine moto uliopita mtaani kwao. Ni sababu nzuri ya kuipenda fani, lakini ni kipimo kibovu cha kuchagua kazi, kwa maana siku ya janga kazi zote hizi hufanana: simu haziachi kulia, hakuna anayelala, na kila mtu anafanya zaidi ya alichoajiriwa kufanya. Tofauti huonekana Jumanne ambayo hakuna kilichotokea. Hapo ndipo utakapojua kama umeajiriwa kuandika mipango, kukagua pasipoti, kusoma kumbukumbu za seva, au kumbembeleza mkuu wa shule akubali zoezi la kuhamisha wanafunzi.

Kwa hiyo nimezilinganisha kazi hizi kwa Jumanne hiyo kwanza. Halafu nimeongeza maswali mawili ambayo vijana hawayaulizi mapema: nani anaruhusiwa kuingia, na mshahara unatoka mfuko gani.

Uraia kwanza, maana unachuja kabla ya shahada

Wizara ya Usalama wa Ndani, DHS, ilianza kazi Machi 1, 2003 kwa kukusanya taasisi 22 chini ya mwavuli mmoja. Humo kuna FEMA inayoshughulikia maafa, CBP ya forodha na mipaka, TSA ya viwanja vya ndege, Secret Service inayomlinda rais, Walinzi wa Pwani, na tangu Novemba 2018 kuna CISA ya usalama wa mitandao na miundombinu. Karibu nafasi zote za kiraia humo zinataka raia wa Marekani. Mwenye Green Card, yaani mkaazi wa kudumu asiye raia, hata awe na shahada ya uzamivu, atakwama kwenye maswali ya mwanzo kabisa ya tovuti ya ajira za serikali, USAJOBS. Mlango unaojulikana kuwa wazi kwake ni kujiunga na Walinzi wa Pwani kama askari wa kawaida. Uofisa unadai uraia.

Ngazi za chini ni habari nyingine. Kila jimbo, kaunti na mji una kanuni zake, na baadhi huajiri wakaazi wa kudumu bila tatizo. Hospitali na makampuni mara nyingi hutaka haki ya kufanya kazi tu. Aliye katika miaka 5 ya kusubiri uraia (3 kwa aliyeoa au kuolewa na raia) hana haja ya kukaa bure akisema fani imefungwa. Aanzie hospitali au kaunti. Uraia ukipatikana, tayari ana uzoefu wa kuonyesha.

Baada ya uraia kuna upekuzi. Nafasi za dhamana ya umma hujaziwa fomu SF-85P. Zile zinazogusa siri za serikali hujaziwa SF-86, na hiyo ni ndefu kweli kweli: mahali ulipoishi, waajiri wako, ndugu zako na uraia wao, safari zako za nje, watu wa nje unaowasiliana nao kwa karibu, hata fedha unazomsaidia mtu asiye raia wa Marekani. Kwa sisi wenye wazazi na ndugu ng'ambo, ukurasa huo unatisha. Usitishike. Kumtumia mama fedha za matibabu si kosa, ila kuficha kwamba unamtumia kutakuponza. Weka kumbukumbu za safari na anwani zako tangu leo, utajishukuru. Na bangi, hata kama jimbo lako limeihalalisha, kwa serikali kuu bado ni haramu. Kuna watu waliopoteza kazi nzuri kwa kutolijua hilo.

Kaunti au FEMA?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na wanaouliza huwa wanadhani FEMA ni daraja la juu na kaunti ni la chini. Ni kazi mbili tofauti.

Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na karibu kila moja ina mtu mwenye dhamana ya maafa. Kwenye miji mikubwa ni idara nzima yenye kamishna. Kwenye kaunti ndogo ni mtu mmoja, tena pengine ana kofia nyingine ya zimamoto au ofisi ya sherifu. Jumanne yake inaanza kwa kupitia orodha ya nyumba za kulelea wazee zilizo kwenye bonde la mafuriko, akipiga simu moja moja kuhakikisha namba za wasimamizi hazijabadilika. Mchana ana kikao na polisi, hospitali na Msalaba Mwekundu kupanga zoezi la mezani, la kujadili janga la kubuni. Jioni anahangaika na maombi ya ruzuku. Wiki inayofuata ni hivyo hivyo. Ni kazi ya kujuana na watu. Asiyependa vikao na chai za vikao, kaunti itamshinda.

Mto ukijaa, kituo cha uratibu kinafunguliwa. Watu wanavaa vizibao vyenye majina ya vitengo: operesheni, mipango, ugavi, fedha. Mfumo huo, uitwao ICS, ulitokana na mioto ya California ya mwaka 1970, pale vikosi vilipojikuta vinapigana na moto mmoja bila kuelewana nani anaongoza nani, na tangu 2004 umo ndani ya mfumo wa taifa wa kusimamia matukio, NIMS. Mbele ya kila mtu kuna fomu ICS 214, na kinachoandikwa humo hakina ushujaa wowote. Saa 8:40 usiku, shule ya kati imefunguliwa kuwa makazi ya muda, jenereta haijafika. Saa 9:05, jenereta imefika, haina kebo. Saa 9:30, kebo imepatikana kwa fundi wa kanisa la jirani. Fomu hiyo itakuwa miongoni mwa karatasi zitakazotumika miezi kadhaa baadaye kuonyesha nani alifanya kazi saa ngapi na kaunti irudishiwe nini.

Hapo kwenye kurudishiwa ndipo FEMA inapoingia. Kwa sheria ya Stafford ya mwaka 1988, kaunti ikizidiwa huliomba jimbo, gavana humwomba rais, na rais akitangaza ndipo mfuko wa serikali kuu unafunguka. FEMA hulipa angalau asilimia 75 ya gharama za umma zinazokubalika: barabara, pampu za maji, kuzoa vifusi. Ofisa wa FEMA kwa hiyo hambebi mtu mgongoni kumtoa majini. Mara nyingi amekaa na mhasibu wa kaunti wakipekua risiti, au anazunguka mtaa kwa mtaa kuandikisha familia zilizopoteza nyumba. Ni kazi yenye maana kubwa, kwani risiti ikikosewa mji mdogo unaweza kufilisika, lakini uende ukijua ni kazi ya namna gani.

FEMA yenyewe ina milango mitatu, na watu huichanganya. Kuna waajiriwa wa kudumu, wachache wenye bahati. Kuna CORE, wanaoajiriwa kwa mkataba wa miaka 2 hadi 4 unaoweza kurefushwa, wenye bima na marupurupu kama wa kudumu. Baada ya miaka 3 mfululizo wanaweza kushindania nafasi za kudumu. Na kuna wafanyakazi wa akiba wa maafa, wanaoitwa Reservist, ambao hulipwa wanapoitwa tu. Wakiitwa, wanatakiwa kuwa njiani ndani ya siku moja au mbili, na huko waendako wanaweza kukaa wiki kadhaa, wakiishi hotelini kwa posho ya safari. Tangu Septemba 2022, sheria iitwayo CREW inawalinda Reservist wasifukuzwe na waajiri wao wa kawaida kwa sababu ya kuitikia wito. Kwa mwalimu, muuguzi au mstaafu mwenye nguvu zake, huo ni mlango mzuri. Kwa mwenye kodi ya nyumba na watoto wawili wadogo, kuutegemea peke yake ni kujitafutia presha.

Mimi ningemshauri anayeanza aende kaunti kwanza, hata kama FEMA imemwita. Kaunti inakufundisha mambo yote kwa mkupuo: mafuriko, siasa, bajeti, vyombo vya habari, na namna ya kumwambia meya asichopenda kusikia. Craig Fugate, aliyeiongoza FEMA kuanzia 2009 hadi 2017, alianzia zimamoto na gari la wagonjwa katika kaunti ya Alachua huko Florida, akawa meneja wa dharura wa kaunti hiyo hiyo, akaenda jimboni, na mwaka 2004 akakabili vimbunga vinne vilivyoipiga Florida msimu mmoja. Ndiye aliyezoea kupima ukali wa maafa kwa kutazama migahawa ya Waffle House: ukikuta inauza kila kitu, hali si mbaya, ikiuza vyakula vichache, umeme una matatizo, ikifungwa, basi pana kazi. Kipimo cha namna hiyo hakitungwi na mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye mji uliopigwa jana usiku.

Mfano wa upande wa pili ni Michael Brown. Kabla ya kuingia FEMA mwaka 2001 alikuwa kamishna katika chama cha farasi wa Kiarabu. Katrina ilipopiga Agosti 29, 2005 na kuua zaidi ya watu 1,300, yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Septemba 12 akajiuzulu. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria kwamba mkuu wa FEMA lazima awe mtu aliyethibitika kuyajua maafa, na mwenye uzoefu wa uongozi usiopungua miaka 5.

Sasa mfuko. Kaunti nyingi hulipa sehemu ya mishahara hii kwa ruzuku ya serikali kuu iitwayo EMPG, inayoitaka kaunti au jimbo lichangie nusu. Ruzuku ikitikisika, kiti nacho kinatikisika. FEMA haina usalama zaidi: mwaka 2025 Rais Trump aliunda baraza la kuipitia upya, viongozi wakazungumza waziwazi juu ya kuivunja, na wafanyakazi wengi wakaondoka. Aliyekwambia kazi ya serikali kuu Marekani ni ya kufa na kuzikana alikuwa anasimulia enzi nyingine.

Jambo moja zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili, na hapa kaunti inashinda bila ubishi. Mwanzoni mwa 2025 tume ya mawasiliano, FCC, ilipoainisha lugha 13 ambazo matangazo ya dharura ya kwenye simu yanatakiwa kuandaliwa ukiacha Kiingereza, Kiswahili hakikuwemo. Ina maana wakimbizi wa Kikongo na wengineo wanaoongea Kiswahili hutegemea mtu wa mtaani awape habari. Kaunti yenye jamii hiyo ikipata mratibu anayeweza kusimama kanisani au msikitini akaeleza wapi pa kukimbilia, imepata kitu ambacho Washington haina. Kitaje kwenye wasifu wako, tena juu, si kule chini kwenye mambo ya ziada.

Mitandao: fedha zaidi, usingizi pungufu

Mei 7, 2021, wadukuzi waliiteka mifumo ya kompyuta ya Colonial Pipeline, kampuni yenye bomba la mafuta linalotoka Houston hadi pwani ya New York. Walipita kwenye akaunti ya zamani ya kuingilia mtandao kwa mbali, isiyokuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Kampuni ikafunga bomba lenyewe, ikalipa fidia ya bitkoini 75, sawa na dola milioni 4.4 hivi, na majimbo ya kusini mashariki yakaona foleni za petroli kwa siku kadhaa. Baadaye Wizara ya Sheria iliokoa sehemu kubwa ya bitkoini hizo. Neno la siri moja lilisababisha dharura iliyowagusa magavana, polisi wa barabarani na hospitali zenye jenereta.

Ndiyo maana CISA ipo. Jumanne ya huko ina sura mbili. Kuna wanaokaa kwenye skrini, wakifuatilia udhaifu mpya wa programu na kuuingiza kwenye orodha ya CISA ya mianya inayotumiwa na wadukuzi, orodha ambayo taasisi za serikali kuu hupewa tarehe ya mwisho ya kuziba kila kilichomo. Na kuna washauri waliotawanyika mikoani, ambao kazi yao ni kumtembelea meneja wa mtambo wa maji wa mji mdogo na kumwonyesha kwamba kompyuta inayofungua vali inaonekana kwenye intaneti na dunia nzima. Hao wa pili wanakaribia sana yule mratibu wa kaunti kwa tabia: wanashawishi, hawaamrishi. Kama unapenda teknolojia lakini hutaki kukaa ofisini mwaka mzima, angalia upande huo.

Kwa fedha, mitandao inaongoza bila mpinzani. Takwimu za serikali za Mei 2023 zinaonyesha mshahara wa kati wa mchambuzi wa usalama wa taarifa ulikuwa dola 120,360 kwa mwaka. Wa mkurugenzi wa usimamizi wa dharura ulikuwa dola 83,960. Nusu wanapata zaidi ya hapo na nusu pungufu. Zingatia kwamba namba ya kwanza ni ya mchambuzi na ya pili ni ya mkurugenzi. Tena soko la wakurugenzi wa dharura ni dogo, watu elfu kumi na kitu nchi nzima, na wengi hawaachi kiti hadi wastaafu.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mitandao hukuzeesha. Unachokijua leo, baada ya miaka mitatu nusu yake hakitumiki. Mratibu wa maafa wa mwaka 2005 bado anajua mto unafurika wapi.

Kuna ufadhili wa masomo wa CyberCorps unaolipa karo na posho kwa sharti la kuitumikia serikali kwa muda unaolingana na ule uliofadhiliwa. Wakaazi wa kudumu wanaruhusiwa kuomba. Usomi wa bure huo una mtego: usipopata kazi ya serikali inayokubalika, fedha zote zinageuka mkopo. Na mwenye Green Card akimaliza masomo kabla ya uraia atakuta taasisi nyingi za serikali kuu hazimpokei. CISA nayo ilipunguziwa watu wengi mwaka 2025, na nafasi zikawa chache. Soma mkataba mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Uchambuzi wa taarifa za kiusalama

Hapa sitakaa sana. Kuna ofisi ya intelijensia ndani ya DHS, na kuna vituo vya majimbo vya kuunganisha taarifa, kama 80 hivi, vilivyoanzishwa baada ya Septemba 11 ili polisi wa mtaa na serikali kuu waache kufichana wanachokijua. Vituo hivyo ni mali ya majimbo na miji. Jumanne ya mchambuzi ni kusoma mno na kuandika kidogo: kurasa mbili safi, zenye kutenganisha kinachojulikana na kinachokisiwa, bila kuvuka mipaka ya sheria za faragha za raia. Kibali cha Siri Kuu kinaweza kuchukua miezi mingi, na nyumbani huwezi kusimulia ulichokifanya. Zaidi ya hayo, ukifanikiwa hakuna kinachotokea, kwa hiyo hakuna wa kukupongeza. Anayependa kuona matokeo ya jasho lake atateseka. Anayependa kuandika vizuri na kunyamaza atafurahi.

Kuvaa sare

CBP ina maofisa wa bandarini na viwanja vya ndege, na askari wa Border Patrol wanaolinda kati ya vituo. Hawa wa pili lazima wajifunze Kihispania. Sheria ya mwaka 2010 inawataka waombaji wa kazi za askari CBP wapite kwenye mashine ya kupima uongo, na wengi huishia hapo. Kazi nyingi za askari wa serikali kuu zina ukomo wa umri wa kuingia, kwa kawaida kabla ya kutimiza miaka 37 au 40 kulingana na idara, na kustaafu kwa lazima ni miaka 57. Ukiwa na miaka 38 usipoteze muda kufikiria mara mbili. Omba au sahau. Pensheni yao ni nzuri na inakuja mapema. Maisha ya familia, muulize aliyepangiwa kituo cha jangwani.

TSA inaingilika kirahisi zaidi, kwa cheti cha sekondari, na wapo wanaoitumia kama kidaraja cha kuingia DHS. Ila serikali inapofungwa kwa mvutano wa bajeti, wao huendelea kuja kazini bila mshahara hadi mvutano uishe. Kufungwa kwa Desemba 2018 hadi Januari 2019 kulidumu siku 35. Walinzi wa Pwani nao walikosa mshahara wakati huo, wakati majeshi mengine yakilipwa, kwa sababu wao wako chini ya DHS. Hata hivyo, kama kweli unachotaka ni kuokoa watu kwa mikono yako, hawa ndio wenyewe. Wakati wa Katrina waliokoa na kuhamisha zaidi ya watu 33,000.

Hospitali na makampuni, mlango ambao haugongwi

Sielewi kwa nini upande huu hautangazwi. Tangu Novemba 2017, kanuni ya serikali inavitaka vituo vya afya vinavyolipwa na bima za afya za serikali, Medicare na Medicaid, vya aina nyingi tofauti, kuanzia hospitali kubwa hadi nyumba za wazee na vituo vya kusafisha figo, viwe na mpango wa dharura, mafunzo na mazoezi. Maana yake hospitali inamhitaji mtu wa kazi hiyo kwa lazima, hata bajeti iwe ngumu.

Kilichosukuma kanuni hiyo kinaonekana vizuri usiku wa kimbunga Sandy, Oktoba 2012, katika hospitali ya NYU Langone, Manhattan. Maji yaliingia ghorofa ya chini, umeme wa dharura ukazima, na wagonjwa takriban 300 wakateremshwa kwa ngazi gizani. Miongoni mwao walikuwa watoto wachanga wa chumba cha uangalizi maalumu. Wauguzi waliwabeba huku wakiminya mifuko ya hewa kwa mkono ili waendelee kupumua, ghorofa baada ya ghorofa. Walifaulu, na hilo halikutokea kwa bahati. Jumanne ya meneja wa dharura wa hospitali ni kuzunguka jengo akiuliza maswali yanayokera: pampu ya mafuta ya jenereta iko ghorofa ya ngapi? Machela za ngazi ziko wapi, na ni nani wa zamu ya usiku aliyewahi kuitumia? Kama wewe ni muuguzi au fundi wa hospitali uliyechoka wodini, tayari unayajua mambo ambayo mwenye shahada ya usalama wa ndani atahitaji miaka kuyajua.

Benki, makampuni ya umeme na viwanda nayo huajiri watu wa kuhakikisha kazi haisimami. Mshahara ni mzuri, safari si nyingi, na kasoro yake ni moja: kampuni ikipunguza watu, idara ambayo kazi yake ni kujiandaa kwa lisilotokea huonekana mzigo.

Shahada na vyeti, bila kupoteza fedha

Chuo Kikuu cha North Texas kilianzisha shahada ya kwanza ya usimamizi wa dharura mwaka 1983, na leo vyuo vingi vinazo. Kwa ngazi za mishahara ya serikali kuu, shahada ya kwanza kwa kawaida hukuingiza GS-5, au GS-7 ukiwa na alama za juu, uzamili GS-9, uzamivu GS-11. Tazama tofauti hiyo kabla ya kukopa dola elfu hamsini kusoma uzamili. Mwaka au miwili ya uzoefu kwenye kaunti inaweza kukufikisha GS-9 hiyo hiyo, huku ukilipwa badala ya kulipa. Na ukiwa tayari ndani ya utumishi wa umma, kituo cha usalama wa ndani cha chuo cha jeshi la majini huko Monterey, California, hutoa uzamili bila karo kwa maofisa wa serikali za mitaa, majimbo na serikali kuu. Ushindani ni mkali, lakini ni bure.

Kozi za mtandaoni za FEMA, IS-100, IS-200, IS-700 na IS-800, ni bure na ziko wazi kwa umma. Zimalize kabla ya kuomba kazi yoyote ya maafa. Asiyezijua anajulikana dakika ya pili ya usaili. Baada ya hapo vyeti vinagawanyika. Wa maafa hulenga CEM cha chama cha kimataifa cha mameneja wa dharura, IAEM: miaka 3 ya kazi, shahada, saa 200 za mafunzo na mtihani, na kinahuishwa kila baada ya miaka 5. Wa mitandao huanza na Security+, kisha CISSP inayodai miaka 5 ya uzoefu. Wa makampuni huangalia vyeti vya taasisi ya DRI, ABCP kwa anayeanza na CBCP kwa aliyekwisha kaa kazini. Vyeti vingine vyenye neno "usalama wa ndani" kwenye jina, vinavyouzwa kwa dola mia kadhaa na kupatikana wikiendi moja, viache vilivyo.

Barua mbili zikija pamoja

Hali ninayoiona ikiwatesa wengi ni hii: kaunti imekupa kazi kwa mshahara mdogo, na FEMA imekupa mkataba wa CORE kwa zaidi kidogo. Usijibu siku hiyo. Iulize kaunti ni sehemu gani ya mshahara wako inatoka kwenye ruzuku, ruzuku hiyo inaisha lini, na nani alikuwa kwenye kiti hicho kabla yako na kwa nini aliondoka. Iulize FEMA mwaka uliopita watu wa nafasi hiyo walikaa nje ya nyumbani siku ngapi, na mikataba mingapi ya ofisi hiyo ilirefushwa. Halafu omba kitu ambacho hakikatazwi popote, yaani kuongea dakika ishirini na mtu anayeifanya kazi hiyo sasa hivi, bosi asiwepo. Muulize wiki iliyopita alifanya nini. Akianza na kimbunga cha miaka mitano iliyopita, mrudishe taratibu kwenye wiki iliyopita.